Bonde Likinyamaza

Sisi wa Butihinda, mkoani Muyinga, hatuna bahari. Pwani yetu ni pale mashamba yanapoishia na mafunjo yanapoanza, udongo ukawa mweusi na laini, na mguu ukazama kabla hujajua umekanyaga nini. Huko ndiko ninakomwona kila nikifumba macho. Amesimama, suruali ameikunja hadi magotini, viatu vinaning'inia shingoni kwa kamba zake, na mkono mmoja ameuinua kama mtu anayeizuia kwaya isianze. Ukungu umemfika kiunoni. Katika macho yangu yaliyofumba hajaushusha mkono ule mpaka leo.

Tulimwita Mwalimu wa Kwaya, au Mwalimu tu. Alizaliwa wapi sijui, na sikumwuliza. Sisi tuliorudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania tulikuwa tumeulizwa ulizaliwa wapi, baba yako nani, kilima gani, mbele ya meza nyingi mno, na baina yetu kutoulizana kulikuwa heshima. Nilichojua ni kwamba kambini aliongoza kwaya, na aliporudi akaongoza kwaya, na kwamba kila Jumamosi alfajiri aliwaongoza watu wazima wenye akili zao kwenda bondeni kuwatazama ndege bila nia ya kuwala.

Watu walitucheka. Walituita wawindaji wa macho. Mwenzetu mmoja, fundi baiskeli, ambaye miaka yote ya vita hakukimbia, akiulizwa tunatafuta nini kule kwenye maji, alijibu kwamba tunakwenda kuangalia kama na ndege nao wamerudi wote.

Kundi letu halikuwa na daftari. Mimi nilifanywa katibu kwa sababu nilikuwa nimefika sekondari, lakini nilipoleta kalamu siku ya kwanza Mwalimu aliniambia niirudishe mfukoni. Alisema sisi tumeandikwa vya kutosha, ndege tuwaache wapite. Nikabaki katibu asiye na la kuandika, na jina likanishika, hata mke wangu akawa ananiita Katibu siku nikichelewa kurudi.

Sheria zilikuwa chache. Anayemwona ndege hamtaji, huinua mkono, na wengine hungoja hadi mikono yote imepanda. Asiyeona haruhusiwi kuinua kwa kuona aibu. Hiyo ndiyo aliyoikazania Mwalimu kuliko zote: usimkubali ndege ambaye hukumwona wala kumsikia. Hao aliwaita ndege wa kuazima. Alisema ndege wa kuazima huliharibu kundi, kama mtu anayefungua mdomo kwenye kwaya bila kutoa sauti. Mikono ikishapanda, yeye ndiye aliyeishusha, taratibu, na hapo ndipo jina lilipotajwa. Mmoja angesema kwa Kirundi, mwingine kwa Kiswahili, na yule aliyekulia upande wa Kasulu angekuja na jina la Kiha. Hakuna aliyesahihishwa. Mwalimu alisema mtu aliyehama sana huwa na majina mengi, sembuse ndege.

Ukingoni kulikuwa na gogo refu, na juu ya gogo hilo alitupanga alivyopanga kwaya yake: aliyebaki, aliyerudi, aliyebaki, aliyerudi. Hakusema ni kwa ajili ya amani. Siku zile wengi walikuja na magari kutuhubiria amani na jioni wakaondoka nayo. Yeye alisema ni kwa ajili ya darubini. Tulikuwa na darubini moja, zawadi ya mgeni fulani aliyepita, na jicho lake moja lilikuwa limepasuka. Ilipita mkono kwa mkono. Kwa mpango ule kila aliyerudi aliipokea kutoka kwa aliyebaki, na kila aliyebaki aliipokea kutoka kwa aliyerudi, na huwezi kumpokonya mtu darubini, sharti ungoje ashibe. Nimekaa hivyo bega kwa bega na mtu ambaye nilikuwa na kesi naye ya mpaka wa shamba. Sisemi tulipatana. Nasema nilijua pumzi yake inanuka tumbaku, naye alijua yangu inanuka nini, na kesi inakuwa ngumu kuiendesha mkishafika hapo.

Kwa kweli yeye mwenyewe hakuwa mtazamaji. Darubini ikimfikia aliipitisha mbele bila kuinua. Alifumba macho. Bonde lote kwake lilikuwa kwaya iliyopangwa na mtu mwingine, hodari kuliko yeye, na alikwenda kujifunza. Dudumizi, ambaye huita kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa, alikuwa besi. Njiwa walikuwa sauti ya tatu. Kurumbiza alikuwa sauti ya pili, na hapo hapo akamlaumu kwamba anapenda kujionyesha. Na videnenda, vile videge vya rangi ya udongo vinavyoishi ndani ya majani, ambavyo mtu humaliza mwaka bila kuviona, vilikuwa sauti ya kwanza, nyembamba, juu kabisa, kama uzi unaovutwa kwenye ukungu. Hao ndio aliowapenda. Akiwasikiliza, uso wake ulilegea, ukawa wa mtu anayelala penye usalama.

Kanisani ulijua Jumamosi ilikwendaje. Ikiwa bonde liliimba vizuri, aliwaachia wanakwaya makosa mengi. Ikiwa mvua ilituharibia, alisimamisha wimbo katikati ya ibada na kuuliza, mbele ya mchungaji, ni kuku wa nani ameingia kwenye sauti ya pili.

Msidhani alikuwa mtakatifu wa ndege. Jumatatu ungemkuta kwenye mtama wake na kombeo, anawapiga mnana mawe na kuwatukana kwa lugha tatu. Fundi alimwuliza siku moja inakuwaje, juzi tumewainulia mikono. Akajibu bila kugeuka kwamba Jumamosi ni wageni na Jumatatu ni wezi, na mtu anaweza kuwa vyote viwili katika juma moja, mradi ajue leo ni siku gani. Kware alimla. Inyamanza tu hakumgusa, yule mdogo mweusi kwa mweupe anayetembea uani akitikisa mkia. Lakini huyo hakuna mtu wa kwetu anayempiga jiwe, kwa kuwa anapotembea kwenye ua wako ni kama ua umesifiwa.

Na alikuwa na begi. Hili ndilo lililonishangaza kuliko mengine. Mtu huyu alizunguka akituambia tupande miti ya matunda, tujenge kwa matofali ya kuchoma, tuache kuishi kama tuko safarini. Lakini nyumbani kwake, nyuma ya mlango, lilining'inia kwenye msumari begi la buluu alilotoka nalo kambini, limefungwa, na ndani yake sufuria, blanketi na karatasi za nyimbo ndani ya plastiki. Hakulifungua tangu arudi. Mkewe, mama mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alipenda kuwaonyesha wageni. "Huyu ndiye mke wake wa kwanza," alisema. "Mimi nikifa ataoa tena. Begi likipotea, atakufa yeye."

Mwalimu alicheka pamoja nasi, lakini begi halikushuka.

Sababu yake alituambia zaidi ya mara moja, tukiwa kwenye gogo, kwa sauti ile ile aliyotumia kutaja ndege. Kabla hawajakimbia, zamani, alikwenda bondeni alfajiri kuchota maji akakuta hakuna sauti. Hata ndege mmoja hakulia. Mafunjo yalisimama kama yamechorwa. Alirudi nyumbani akamwambia mama yake, mama akamwambia aache upuuzi, na muda si mrefu wakawa njiani pamoja na wengine, bila sufuria. Kutokana na hilo akapata usemi wake, na sisi tukaurithi, hata watoto waliuimba wakiruka kamba: bonde likinyamaza, funga mzigo.

Sasa nifike nisikopenda kufika.

Ulikuwa mwisho wa kiangazi, wakati watu wanangoja mvua za kwanza wapande maharage. Minong'ono ilikuwa mingi mwaka ule, kila mtu alikuwa na ndugu aliyesikia jambo kwa ndugu. Kwa miezi kadhaa Mwalimu alikuwa akiwasumbua wasichana wa sauti ya kwanza. Aliwaambia wamekuwa wavivu, wapaze. Wakapaza. Akasema bado. Wakapaza mpaka kanisa likawa kama mnada, na watoto wachanga wakalia, naye akatikisa kichwa kwa huzuni. Tulidhani ni uzee wa tabia.

Jumamosi moja tulikaa kwenye gogo, ukungu mzito, na videnenda wakaanza. Nakumbuka walivyoimba. Walikuwa wengi kuliko kawaida, kila jani lilikuwa na uzi wake. Mwalimu alisimama mbele yetu amefumba macho, mkono juu. Alisimama muda mrefu. Halafu akafumbua macho, na yalikuwa yamebadilika.

"Bonde limenyamaza," akasema.

Tulimsikia yeye, na tuliwasikia videnenda, vyote kwa pamoja. Fundi alinigeukia akaninong'oneza, "We ulisoma, we mwambie." Niliangalia miguu yangu. Nilifikiri labda anasikia jambo lililo chini ya sauti, au juu yake, jambo ambalo sisi hatuna masikio nalo. Huyu alikuwa ndiye mwenye masikio. Nani angemwambia mwenye duka kwamba duka lake lina chumvi? Tukarudi kimya, na kila mmoja wetu, baadaye tuliambiana, alidhani ni yeye peke yake aliyekuwa anasikia ndege wasiokuwapo.

Neno lilitangulia kufika nyumbani kabla yetu. Kwa watu wengine lingekuwa neno la mzee kuhusu ndege. Kwetu sisi lilikuwa amri. Mizigo ilifungwa. Mbegu za maharage, zilizokuwa zimechaguliwa na kungoja mvua, watu walizipika wakazila, kwa sababu hakuna anayepanda anapoondoka. Mbuzi waliuzwa kwa haraka. Familia moja ilivuka mpaka kabla ya Jumatano. Mvua ya kwanza ikanyesha, ikanyesha vizuri, juu ya mashamba ambayo hakuna aliyeyagusa. Na nyumbani kwa Mwalimu, mkewe aliniambia baadaye, begi la buluu lilishuka kutoka kwenye msumari likawekwa mezani.

Jumapili, baada ya ibada, watu walisimama uwanjani wakigawana nani aende na nani. Mwalimu alikuwa katikati yao, mtulivu, anawapanga kama kwaya. Nikamwona mke wangu akimwuliza jirani kama anataka kununua mlango wetu. Mlango. Nikapanda kwenye ngazi ya kanisa.

"Bonde halijanyamaza," nikasema. "Videnenda wapo, tunawasikia sote. Asiyesikia ni Mwalimu."

Watu wakanigeukia. Yeye alinitazama mdomo, akangoja, kisha akamgeukia fundi, akamwuliza kama huyo ninayemsema ni ndege wa kuazima.

"Hapana, Mwalimu," fundi akasema, na ilibidi arudie kwa nguvu. "Iko kweli. Na mi naisikia."

Mwalimu akamtafuta mkewe kwa macho. Sauti ile ya kuitia ng'ombe nilikuwa nimeizoea tangu nimjue. Ni siku hiyo tu nilipoelewa imekuwa kubwa zaidi siku za karibuni, na kwa nini.

"Tangu mavuno ya mtama," mama akasema. "Nilidhani umechoka na maneno yangu. Nikasema nikuache upumzike."

Wengine walicheka, kicheko kile cha watu walioachiliwa. Hakikuwa kicheko kibaya, lakini alikiona. Midomo inayocheka huonekana hata kama haisikiki. Akavua darubini shingoni mwake, akaja mpaka kwenye ngazi, akanivalisha. Alisema basi aongoze mwenye masikio. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningelala vizuri zaidi miaka iliyofuata.

Watu walifungua mizigo. Walioweza waliazima mbegu, wakapanda, wamechelewa lakini walipanda. Familia iliyovuka mpaka ilirudi, na mpaka leo inatajwa kama wakimbizi wa videnenda. Mimi nilishukuriwa. Kuna mzee aliniletea kuku. Nilimla kuku yule, na sikwenda kwa Mwalimu.

Nilikuwa na bonde zima la kumwambia sikioni Jumamosi ile. Nilikuwa na juma zima la kwenda nyumbani kwake, kukaa, kupewa cha kunywa, na kumwambia mbele ya mkewe na begi lake. Mzee huambiwa ndani. Nilinyamaza mahali pa kusema, na niliposema, nikasema mahali pa kunyamaza. Wapo wanaoniambia niliokoa msimu. Niliokoa, nakubali. Lakini yangewezekana yote mawili.

Kwaya alipewa kijana aliyejua kinanda. Kundi la ndege nililiongoza mimi, na likafa mikononi mwangu polepole, bila ugomvi. Niliinua mkono, wakainua, tukataja ndege, tukarudi. Bila yule mtu aliyefumba macho, tulikuwa watu wanaotazama ndege. Siku moja nilikwenda nikakuta gogo limepasuliwa kuni, na hakuna aliyeuliza ni nani.

Naye tulisalimiana njiani, mikono miwili, kama inavyopasa. Alinitazama mdomo. Hatukuzungumza.

Baadaye mwanangu alipata kazi Gitega, mji ulipokuwa umefanywa makao ya serikali, nami nikahamia kwake, Nyamugari, mtaa ambao adhana hukuamsha na harufu ya maandazi hukuinua. Nilizeeka huko bila kulitambua hilo sana. Asubuhi zilikuwa tulivu kuliko za Butihinda. Nilisema ni mji.

Kisha asubuhi moja nikafungua mlango, nikamkuta amekaa kwenye kibaraza, amevaa koti, na begi la buluu liko magotini. Nilidhani kuna jambo limetokea Muyinga. Alilifungua. Lilikuwa limejaa maparachichi. Alisema mkewe ameligeuza begi la soko tangu mwaka ule wa aibu, na kwamba alipotoa vilivyokuwamo, panya walikuwa wamekwisha kula karatasi za nyimbo na kuzalia ndani ya blanketi. Alisema kwa sauti kubwa ya watu wasiojisikia, na jirani akachungulia.

Alikuwa amekuja kuonyesha masikio yake hospitali. Walimwambia ni uzee. Alikubaliana nao. Alikula kwangu, akalala kwangu, na nilipanga maneno yangu usiku kucha. Alfajiri nikamsindikiza kwenda kupanda gari, sisi wawili polepole, ukungu wa Gitega ukiwa umekaa barabarani kama ule wa bondeni, baiskeli zikitokea ndani yake na kupotea. Nilianza kusema. Nilisema habari ya ngazi ya kanisa, nikapaza, watu wakageuka.

Hakunitazama mdomo. Alikuwa amesimama, na mkono wake ulikuwa juu.

Niliufuata. Kwenye ukingo wa paa la duka alikuwa amekaa inyamanza, mweusi kwa mweupe. Mdomo ulikuwa wazi na koo lake lilitetemeka. Nikainua mkono wangu, kama zamani. Tukangoja. Alikuwa ananingoja mimi, mwenye masikio, nami nilikuwa namngoja ndege aanze.

Koo liliendelea kutetemeka. Pikipiki ilipita, nikaisikia. Mtu alikohoa, nikamsikia.

"Katibu," akasema. "Anaimba?"

Neno ndiyo lilikuwa mdomoni tayari. Lingempendeza, na nilikuwa na deni naye. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye gogo lile miaka mingi.

Nikashusha mkono. "Sijui, Mwalimu. Simsikii."

Alinikodolea macho. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na nilipomwona hivyo nami nikacheka, wazee wawili barabarani asubuhi na mapema. Mama aliyekuwa akikaanga maandazi pembeni alituangalia kama watu waliolewa. Mwalimu akamwendea, akamwamkia kwa heshima, akamwuliza kama kale kadege kanaimba.

"Iko inaimba, wazee," mama akasema. "Tangu alfajiri iko inapiga makelele, hata mutoto yangu ilikataa kulala."

Nilimrudishia Mwalimu maneno hayo karibu na sikio. Akayapima. Kisha akaliteremsha begi begani akaliweka chini, vumbini, jambo ambalo mtu wa kambini halifanyi kamwe mahali penye watu. Akamwomba mama amwonyeshe ndege anaimbaje.

Mama alikataa. Alisema mwanamke hapigi mluzi barabarani. Mwalimu akamwambia asipige mluzi, aimbe kwa mdomo tu. Mama akatazama kushoto na kulia, akafuta mikono kwenye kitenge, akamsikiliza ndege, kisha akaimba, kwa sauti ndogo, vipande vifupi vifupi vinavyopanda. Tulivisikia. Wote wawili.

Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa. Macho yalikuwa yamefumba.

"Ya mwisho," akasema, "ipandishe kidogo."

Akafumbua macho, mkono wake ukapanda. Mama akacheka, akavuta pumzi, akaanza upya, akapandisha, na mwishoni hatukusikia kitu. Tulimwona tu, midomo wazi, shingo imenyooka, ameishika ile sauti ya mwisho huko juu.

"Hapo," akasema Mwalimu, na akaushusha mkono.